Kansa ya Mlango wa Kizazi: Vipimo Vipya, Matibabu Mapya na Kazi ya Kikundi



Katika mikutano ya vikundi vya Chinga, Mahiga, Iria-ini na Karima, kuna swali linalorudi kila mara: "Je, kansa ina dawa?" Jibu fupi ni hili: kansa nyingi zina dawa zikigunduliwa mapema, na chache sana zina dawa zikichelewa. Jibu refu ndilo tunataka kulieleza hapa, ili kila kikundi kikae nalo na kuamua la kufanya.

Kansa, au saratani kama inavyoitwa kwa Kiswahili cha vitabu, si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mengi yenye tabia moja: chembe za mwili zinakosa nidhamu, zinaongezeka ovyo, na mwishowe zinasafiri hadi sehemu nyingine za mwili. Kwa makadirio ya mwaka 2022 ya shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na watu karibu 29,000 wakafariki. Kansa ya mlango wa kizazi peke yake inachukua zaidi ya kina mama 3,000 kila mwaka. Tumeichagua hiyo kwa sababu ndiyo kansa ambayo leo tunajua kuizuia, kuipima na kuitibu kuliko nyingi nyingine, na bado inaua mama aliye na watoto wa kulea na majani chai ya kuchuma.

NI NINI KINACHOILETA?

Wengine husema ni laana ya ukoo. Wengine husema ni uzazi wa mpango, au mtu kulogwa. Ukweli ulipatikana maabarani. Miaka ya 1980 mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alionyesha kwamba kansa hii inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kirusi hiki kina aina nyingi, lakini aina mbili, namba 16 na namba 18, ndizo zinazoleta karibu asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi.

Kirusi hiki hupitia tendo la ndoa. Watu wengi sana, wanaume kwa wanawake, hukipata wakati fulani maishani bila kujua, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kina mama wachache kirusi kinakataa kutoka. Kinakaa, kinabadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na baada ya miaka 10 hadi 20 zinakuwa kansa. Kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi safari hiyo ni fupi zaidi, na hatari yake ni kama mara sita ya ile ya mama mwingine.

Wazee wetu, hapa tuelewane vizuri. Mama akiambiwa ana HPV, hiyo si hati ya kumshtaki. Kirusi kinaweza kuwa kilikaa mwilini miaka mingi, hata tangu kabla ya ndoa, na haiwezekani kujua nani alimpa nani. Tumeona nyumba zikitikisika kwa sababu ya karatasi ya hospitali iliyosomwa vibaya. Mume anayefoka leo ndiye anayemfanya mke asirudi kliniki kesho.

Sasa ona faida iliyo katika ile miaka 10 hadi 20. Shamba lenye wadudu linaokolewa majani yakiwa na madoadoa, si mpaka mashina yakauke. Ugonjwa huu unatupa nafasi ndefu ya kuuona mapema. Kupoteza nafasi hiyo ndiko kunakoua.

VIPIMO: ZAMANI NA SASA

Kipimo cha kwanza kilichojulikana duniani ni cha Pap, kilichopewa jina la daktari George Papanicolaou. Mhudumu anafuta chembe kidogo kwenye mlango wa kizazi, zinapelekwa maabara, na mtaalamu anaziangalia kwa darubini. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi katika nchi tajiri. Lakini kinahitaji maabara na wataalamu, na majibu huchukua siku au majuma. Mama wa kijijini akiambiwa arudi baada ya majuma matatu, nauli inamshinda.

Kipimo cha pili ni cha siki. Nesi anapaka siki hafifu, iliyopimwa kwa kazi hiyo, kwenye mlango wa kizazi. Anangoja kama dakika moja, kisha anaangalia kwa macho yake. Mahali penye chembe zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Majibu ni papo hapo. Kipimo hiki ndicho kilichosambazwa sana katika vituo vyetu vya afya, na bado kina kazi. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la anayepima, na kwa kina mama waliokoma hedhi hakifanyi kazi vizuri, maana sehemu inayotakiwa kuonekana imerudi ndani.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho habari mpya, kinatafuta kirusi chenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba hiki kiwe ndicho kipimo cha kwanza. Mama wa miaka 30 na kuendelea akipimwa na kukutwa hana kirusi, anaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kupimwa tena. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25, na arudie kila miaka mitatu hadi mitano.

Mambo mawili yanafanya kipimo hiki kitufae sisi watu wa milimani.

La kwanza, mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Anapewa kijiti chenye pamba au brashi laini, anaingia chumba cha faragha au hata nyumbani kwake, anakiingiza ukeni, anakizungusha, anakirudisha kwenye kichupa na kumpa mhudumu. Havui nguo mbele ya mtu. Kina mama wengi wametuambia kwamba hawaogopi kansa kuliko wanavyoogopa kulala kwenye kile kitanda mbele ya kijana aliyesoma na binti yao. Aibu hiyo si upuuzi, na sasa imepatiwa njia.

La pili, mashine ya jeneksipati inayopima kifua kikuu katika hospitali nyingi za Kenya inaweza kupima HPV pia, kwa muda wa kama saa moja, mradi hospitali iwe na vifaa vya kipimo hicho. Kwa hiyo swali la kuuliza hospitalini ni hili: "Je, mnapima HPV, na vifaa vipo leo?" Vifaa huisha. Kikundi kinachopiga simu kabla ya kupanda matatu kinaokoa nauli ya watu wengi.

Kumbuka jambo moja: kukutwa na kirusi si kukutwa na kansa. Ni kuambiwa, "Mama, njoo tuangalie zaidi."

KUTIBU KABLA HAIJAWA KANSA

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yametokea. Zamani chembe zilizobadilika ziligandishwa kwa baridi kali inayotoka kwenye mtungi wa gesi. Mtungi ni mzito, gesi inaisha, na kazi yote huchukua zaidi ya dakika kumi. Siku hizi kuna kifaa cha joto kinachoshikwa mkononi, kingine hutumia betri. Ncha yake inapata joto la nyuzi 100 au zaidi, inagusishwa mahali pale kwa sekunde 20 hadi 30, na zile chembe mbaya zinakufa. Mama haitaji kulazwa. Anaweza kupimwa na kutibiwa siku hiyo hiyo, kisha aende nyumbani. Atatoka maji maji kwa majuma kadhaa, na ataambiwa akae mbali na tendo la ndoa kwa muda huo. Hapa tena mume anatakiwa kuelewa na kuvumilia.

Kama sehemu iliyobadilika ni kubwa, daktari hutumia waya mwembamba wenye umeme kuikata na kuitoa. Hiyo nayo ni kazi ndogo, na kwa kawaida mama habaki hospitalini.

IKIWA IMESHAKUWA KANSA

Dalili za kuangalia ni damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu, na maumivu ya kiuno au nyonga yasiyoisha. Mama mwenye dalili hizi asingoje siku ya kampeni wala asijichukulie sampuli nyumbani. Aende hospitali akaonwe na kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe. Bila hicho kipande hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni kansa au si kansa, hata awe mganga mwenye sifa namna gani.

Ikiwa bado ndogo, inaondolewa kwa upasuaji. Ikiwa imeenea kidogo, inatibiwa kwa miale pamoja na dawa za kemotherapi. Tangu mwaka 1999 ndiyo imejulikana kwamba miale na dawa zikienda pamoja zinashinda miale peke yake. Na mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine: kina mama waliopewa kwanza dawa mbili kwa majuma sita, halafu wakaanza miale na dawa kama kawaida, walipona wengi zaidi. Baada ya miaka mitano, 80 kati ya 100 walikuwa hai, na kwa wale waliofuata njia ya kawaida walikuwa 72. Kilichotufurahisha ni kwamba hizo dawa mbili si ngeni wala si za bei ya kutisha. Ni dawa za zamani, ila zimepangwa vizuri zaidi. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kama mpango huo unamfaa.

Zipatikane wapi? Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, pale Nyeri mjini, ina kliniki ya kansa inayotoa kemotherapi. Kwa miale, kwa miaka mingi hospitali ya umma ilikuwa moja tu, Kenyatta ya Nairobi, na foleni yake kila mtu aliijua. Siku hizi kuna pia Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, na mashine zimefika Nakuru, Mombasa na Garissa. Mgonjwa wa Othaya aanze na barua ya rufaa kutoka hospitali ya karibu. Asikimbilie Nairobi bila barua.

Na pale dawa zinaposhindwa, bado mgonjwa hajatupwa. Hosipisi ya Nyeri hutunza wagonjwa kwa kupunguza maumivu na kuwasaidia wa nyumbani kumhudumia. Kufa bila maumivu na huku umeshikwa mkono na wako ni haki ya binadamu.

CHANJO: NENO LA WAZI

Oktoba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili. Wengi hawakurudi kwa dozi ya pili. Sasa sikieni habari ambayo haikutoka mbali. Utafiti uitwao KEN SHE ulifanyika hapa hapa Kenya, katika Thika, Nairobi na Kisumu, ukiwa na wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na watafiti wa KEMRI wakiwemo. Mwaka 2022 matokeo yalitolewa: dozi moja tu ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina namba 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na mwaka 2025 Kenya nayo ikatangaza kuhamia dozi moja. Mabinti wa Thika, jirani zetu, wameifundisha dunia.

Tunajua kuna wasiwasi. Mwaka 2019 baadhi ya madaktari Wakatoliki wa hapa Kenya walipinga chanjo hii hadharani, na maneno hayo yalifika mpaka kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo. Wazazi wanauliza: Je, itawafanya mabinti wetu tasa? Je, itawafundisha uasherati? Mzazi anayeuliza anafanya kazi yake ya uzazi, asikemewe. Lakini majibu yapo. Chanjo hii imetolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani kwa zaidi ya miaka 15, na haijaonekana kuleta utasa. Kule Scotland, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya wasichana waliopata chanjo kamili wakiwa na miaka 12 au 13, hakupatikana hata mmoja mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Malezi mema ya nyumbani hayashindani na chanjo. Binti aliyelelewa vizuri na kujitunza mpaka siku ya ndoa bado anaweza kupata kirusi kutoka kwa mume wake halali.

Chanjo haiponyi aliyeambukizwa tayari. Kwa hiyo mama apimwe, binti achanjwe. Kazi ni mbili, na moja haiondoi nyingine.

NA KANSA NYINGINE JE?

Matiti: mama akihisi uvimbe, chuchu ikiingia ndani au ngozi ikikunjamana kama ganda la chungwa, aende hospitali juma hilo hilo. Siku hizi kipande cha nyama kikikatwa hupimwa aina yake pia, kwa maana kila aina ina dawa yake. Aina moja inatibiwa kwa dawa ya Herceptin, ambayo wengi hawakuimudu. Mwaka 2025 serikali na kampuni inayoitengeneza walikubaliana kushusha gharama yake kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila awamu, na SHA ndiyo ilipe. Anayeambiwa anaihitaji aulize hospitali kama imo katika mpango huo.

Koo: mzee akianza kukwama na ugali, halafu na uji, hiyo si kwikwi ya uzee. Apelekwe akachunguzwe kwa mpira wenye kamera. Mwaka 2016 wataalamu wa dunia walisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinaleta kansa ya koo. Chai yetu haina kosa, moto wake ndio wenye kosa. Mimina, ongea kidogo, kisha unywe.

Na tusidanganyane kwamba kila kansa ina kipimo cha mapema. Profesa Wangari Maathai, binti wa Nyeri aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, alifariki Septemba 2011 kwa kansa ya ovari. Kwa kansa hiyo, mpaka leo hakuna kipimo cha kuaminika cha kuwapima wanawake wasio na dalili. Ndiyo sababu zile zenye kipimo hatuna udhuru wa kuziachilia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Sisi watu wa hapa tunajua harambee. Mtu akishaanguka, tunachanga, tunauza ng'ombe, tunapeleka mgonjwa Nairobi. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi pesa hizo hufika wakati ambapo zinanunua miezi tu. Pesa kidogo zilizotolewa mapema zinanunua miaka. Tunashauri hatua hizi:

1. Anzisheni mfuko wa nauli ya kupimwa. Kikundi cha watu 30, kila mtu akitoa shilingi 20 kwa juma, kinapata shilingi 600 kwa juma, na kwa mwaka shilingi 31,200. Pesa hizo zisikopeshwe kwa kazi nyingine.

2. Chagueni mwezi mmoja wa kupimwa. Kwa vikundi vya chai, mwezi wa bonasi unafaa, maana mama ana kitu mfukoni. Nendeni pamoja, wanne au watano. Anayekwenda peke yake hurudi njiani.

3. Kila mwanakikundi ahakikishe amesajiliwa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unafanyika hata kwa simu, *147#. Kusajiliwa peke yake hakutoshi kwa matibabu ya kansa, lazima michango iwe imelipwa. Mtu asingoje kuugua ndipo alipe. Ulizeni pia kiwango kinacholipwa kwa kansa kwa mwaka, kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara.

4. Teueni mama mmoja mwenye kifua cha kuhifadhi siri. Kazi yake ni kufuatilia aliyeambiwa arudi hospitali. Wengi hawafi kwa kukosa kipimo. Wanakufa kwa kupimwa na kutorudi.

5. Mwiteni mhudumu wa afya wa jamii kwenye mkutano mmoja, na wanaume wawepo. Waume wakielewa, nusu ya kazi imekwisha.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kikundi chetu, ni kina mama wangapi wa miaka 30 na zaidi ambao hawajawahi kupimwa? (Wasitajwe majina, ihesabiwe idadi tu.)
- Ni kitu gani kinawazuia: nauli, aibu, mume, au hofu ya majibu? Kila kimoja tukiondoe namna gani?
- Mabinti wetu wa miaka 10 na zaidi wamechanjwa? Nani atauliza katika shule na zahanati?
- Mwaka jana tulichanga kiasi gani kwa wagonjwa na mazishi? Na kwa kupimwa tulitoa kiasi gani?

Hilo swali la mwisho msilipite haraka. Mweka hazina afungue daftari, asome hesabu zote mbili kwa sauti, halafu mkutano uamue.